Tupeni Jumapili moja ya mwezi katika barabara ya Menengai

Kwa Mhariri,

Tangu kazi ya kupanua barabara kuu ya Rironi hadi Mau Summit ianze, gumzo kubwa miongoni mwetu waendesha baiskeli wa Nakuru limekuwa iwapo tutatengewa kijia chetu kando ya lami hiyo. Kikijengwa nitashukuru, kwa kuwa wapo wanaobeba maziwa na mboga kwa baiskeli ambao hawana pengine pa kupita. Lakini ombi langu kwa serikali ya kaunti na kwa wasimamizi wa misitu ni dogo kuliko hilo, halihitaji saruji wala zabuni, na pengine ndiyo sababu hakuna anayelizungumzia. Naomba barabara inayopanda kutoka mjini kupitia msitu wa Menengai hadi ukingoni mwa kreta, lile shimo kubwa la volkano, ifungwe kwa magari na pikipiki Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nne, iwe ya waendao kwa miguu na wapandao baiskeli peke yao.

Mji wetu uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Menengai kinafika mita 2,278. Wenye mapafu mazuri huupanda mlima huo kabla saa moja haijaisha. Mimi hutumia saa moja na robo, nikihesabu na yale mapumziko ambayo huwaambia wenzangu kuwa ni ya kukaza cheni. Asubuhi na mapema, kabla gari la kwanza halijapita, mikaratusi huwa bado inadondosha umande, na mtu husikia mambo ambayo mjini hayasikiki kamwe: pumzi yake mwenyewe, tairi likisaga kokoto, pedali inayolia kwa kukosa mafuta, na ndege wanaoitana kutoka upande mmoja wa barabara hadi mwingine. Ukifika juu, ardhi inakatika ghafla mbele yako, na shimo lenye upana wa kilomita kama 12 kwa 8 linafunguka likiwa na ukungu chini na mvuke ukipanda hapa na pale. Nimeishi Nakuru miaka mingi na bado sijaizoea picha hiyo.

Kisha gari la kwanza linakuja. Sisemi kwamba madereva wote ni wabaya. Ninachotaka wasomaji wasiopanda baiskeli waelewe ni kwamba mlimani baiskeli na gari haviwezi kugawana njia nyembamba kama vinavyoweza kwenye tambarare. Kwenye mwinuko mkali kasi ya baiskeli hushuka hadi kukaribia ya mtu anayetembea, na baiskeli inayokwenda polepole huyumba, kwa sababu mwendo ndio unaoisaidia kusimama wima. Anayepanda anahitaji nafasi ya kuyumba kushoto na kulia, na honi inayopigwa ghafla nyuma yake humsukuma hadi ukingoni penye changarawe, ambako gurudumu la mbele huteleza. Wakati wa kushuka mambo hugeuka: baiskeli sasa inakwenda kasi sawa na gari, breki zimeshika moto, na kwenye kona isiyoonyesha mbele hakuna anayejua atakutana na nini. Mwaka uliopita nilikutana na gari dogo lililokuwa likilipita jingine katikati ya kona. Nilichagua mtaro, nikapoteza rimu na ngozi ya kiwiko, na dereva hakupunguza hata mwendo.

Wapo watakaouliza kwa nini tusitafute milima mingine. Tumetafuta. Ukitoka Nakuru kuelekea magharibi kwa barabara kuu utapita Salgaa na Sachangwan, majina ambayo hakuna Mkenya anayehitaji kuelezwa. Mnamo Januari 2009 zaidi ya watu 100 waliteketea Sachangwan baada ya lori la mafuta kupinduka, na alfajiri ya mwisho ya mwaka 2017 watu 36 walifariki Migaa, kwenye barabara hiyohiyo, basi lilipogongana na lori. Huko si mahali pa kwenda kujiburudisha kwa baiskeli, hata barabara ikipanuliwa vipi, maana trela zinazoteremka kutoka Mau Summit zitabaki na uzito wao uleule.

Iliyobaki ni njia ya zamani ya Njoro, Elburgon na Molo, ambayo kwa maoni yangu ndiyo nzuri kuliko zote katika kaunti hii. Inapanda taratibu kupitia mashamba na vipande vya msitu wa Mau hadi mwinuko wa karibu mita 2,500, hewa ikizidi kuwa baridi kila baada ya kilomita chache, na ukifika Molo unapata chai ya moto na viazi vya kuchemsha ambavyo siwezi kuvisifu vya kutosha. Februari 2018, serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma, malori ya mbao yalipungua sana kwenye njia hiyo, na kwa miaka kadhaa tuliiendesha kana kwamba tulijengewa sisi. Julai 2023 Rais alitangaza kuiondoa marufuku hiyo, na malori yakaanza kurudi. Nakiri kwamba nilisikitika, na nikaona haya kwa kusikitika, kwa sababu utulivu wetu ulikuwa umelipwa na wafanyakazi wa viwanda vya mbao vya Elburgon waliokuwa wamekaa nyumbani bila mshahara. Raha ya mtu wa baiskeli haipaswi kusimama juu ya njaa ya mwingine. Kwa hiyo siombi barabara ya Elburgon ifungwe hata kwa saa moja, maana ile ni barabara ya kazi. Ya Menengai, kwa sehemu kubwa, ni barabara ya matembezi, na matembezi yanaweza kusubiri hadi saa nne.

Jambo hili si geni duniani. Kigali, mji wa vilima kuliko wetu, hufunga baadhi ya barabara zake kwa magari Jumapili mbili kila mwezi ili watu wakimbie, watembee na waendeshe baiskeli, na Septemba 2025 mji huohuo ulipokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika katika bara la Afrika. Huko Marekani, katika hifadhi ya Great Smoky Mountains, ambayo ni milima iliyofunikwa na misitu na hupokea wageni zaidi ya milioni 12 kwa mwaka, barabara ya mzunguko wa bonde la Cades Cove yenye urefu wa kilomita kama 18 hufungwa kwa magari kila Jumatano katika miezi ya joto. Na hatuna haja ya kuvuka mpaka: katika kaunti hiihii ya Nakuru, mbuga ya Hell's Gate imewaruhusu wageni kwa miaka mingi kuendesha baiskeli kati ya punda milia na twiga, na watu husafiri kutoka Nairobi kuja kulipa kwa ajili ya raha hiyo.

Najua vizuizi vitakavyotajwa. Cha kwanza ni ibada, kwa kuwa wapo waumini wanaopanda Menengai kufunga na kuomba, na Jumapili ndiyo siku yao. Niliwahi kufikiria Jumamosi, nikakumbushwa na jirani yangu Msabato kwamba Mungu ana siku zaidi ya moja. Waumini wengi hupanda kwa miguu, na hao hawatazuiwa na mtu. Wazee na wagonjwa wapitishwe kwa gari. Magari ya kazi ya visima vya mvuke wa kuzalishia umeme yatakayohitaji kupita yapite pia, pamoja na ambulensi na ya askari wa misitu. Wanabodaboda watapoteza wateja wachache kwa saa nne kati ya saa zote za mwezi, na kwao sina jibu kamili, ila tu kwamba wanaopanda kwa baiskeli hufika juu wakiwa na njaa, na mwenye kuuza chai, mayai na ndizi pale ukingoni hatarudi na mzigo wake.

Suala la usalama ndilo zito zaidi. Dada zetu kadhaa wameacha kupanda peke yao kwa sababu ya kuogopa vichaka, na hofu hiyo siwezi kuibeza. Barabara tupu inatisha. Barabara isiyo na magari lakini yenye watu hamsini wanaopanda na kushuka ni jambo jingine kabisa, na ndiyo maana nataka siku moja inayojulikana na saa zinazojulikana, badala ya kila mmoja kuivizia alfajiri yake mwenyewe.

Sheria ya kufanya hivi ipo. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016 inaruhusu vyama vya jamii zinazopakana na msitu kushiriki katika usimamizi wake, na shughuli za utalii na burudani zimo miongoni mwa haki wanazoweza kupewa. Kinachohitajika ni makubaliano kati ya chama cha namna hiyo, wasimamizi wa msitu na kaunti, vizuizi viwili vya mbao, na tangazo redioni wiki moja kabla. Lifanywe kwa miezi mitatu, kisha lipimwe. Mimi nitajitolea kusimama kwenye kizuizi cha chini Jumapili ya kwanza nikiwa na filimbi na chupa ya chai, na nimeshapata wenzangu wanne wa kusimamia kile cha juu.

Mwendesha baiskeli,
Kiamunyi, Nakuru