Barua kutoka Sendai: tope la Fukushima

Sendai, Japani

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi kwako na kwa mama. Swali lako nimelicheka kwanza, kisha nikaona lina uzito: kwa nini hawa Wajapani wasichote ndoo ya maji ya bahari, wakapima mionzi, yakaisha?

Maji walipima sana tangu ajali ya kinu cha nyuklia cha Fukushima, Machi 2011. Lakini maji hayakai. Mkondo unayachukua, yanachanganyika na Pasifiki, vipimo vinashuka. Kinachobaki kiko chini. Sesiamu, ile metali yenye mionzi iliyotoka kinuni, inang'ang'ania udongo wa mfinyanzi, inazama na tope na kulala huko; aina yake iitwayo sesiamu-137 huchukua miaka 30 hivi kupungua nusu. Ndiyo maana samaki wa chini walichelewa kusafika. Agosti 2012 walivuliwa ainame, samaki wa chini, karibu na kinu wakiwa na bekereli (kipimo cha mionzi) 25,800 kwa kilo, ilhali kikomo cha serikali ni 100!

Kawaida meli hushusha chombo chenye taya, kinang'ata tope, linakwenda kukaushwa na kupimwa maabara. Ni kazi safi, ila kila ng'ato ni nukta moja tu katika bahari. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Tokyo wakatia kipimo cha gama, yaani mionzi inayotoka kwenye sesiamu, ndani ya bomba refu la mpira, meli ikaliburuta juu ya sakafu ya bahari yenyewe. Lazima kiguse chini, maana maji humeza mionzi. Ukikining'iniza juu kidogo tu, hukipati kitu. Wakakuta sesiamu haikutandazwa sawasawa. Imejikusanya kwenye mabonde na chini ya kingo za miamba, kama vumbi pembeni mwa chumba, mabaka mengine ya makumi ya mita, mengine mamia. Tangu hapo mtu akinitajia wastani wa bahari nzima, namuuliza taya zilishuka wapi.

Na walijuaje kwamba si mabaki ya majaribio ya mabomu ya zamani? Hapo ndipo waliponikosha. Kinu kilitoa aina mbili, sesiamu-134 na 137, karibu sawa kwa sawa. Ile 134 hupungua nusu kila miaka 2, kwa hiyo ya enzi za mabomu ilishakwisha kitambo. Ukiikuta kwenye tope, imetoka Fukushima.

Samaki nakula, usiniogopee. Sokoni hapa wanapimwa kuliko sisi tulivyopimwa malaria utotoni. Kaka yako bado anataka kusomea mambo ya bahari? Mwambie aniandikie, na wewe usisahau ubuyu wangu.

Wako,
Zuhura