Barua ya wazi kwa Waziri: Mtumiaji afundishwe kwanza, ndipo akabidhiwe kiti mwendo cha umeme

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya masuala ya watu wenye ulemavu,

YAH: MAFUNZO KABLA YA KUKABIDHI VITI MWENDO VYA UMEME

Nakuandikia nikiwa mkazi wa Dar es Salaam na mtumiaji wa kiti mwendo cha umeme. Naomba jambo moja: asiwepo mtu atakayekabidhiwa kiti cha namna hii, kiwe kimetoka serikalini, kwa mfadhili au dukani, kabla hajafundishwa kukiendesha, na kabla anayemsaidia nyumbani hajafundishwa pamoja naye.

Tumezizoea hafla za makabidhiano. Kiti huletwa kikiwa bado na nailoni, mlengwa hukalishwa, picha hupigwa, kisha kila mtu hurudi kwake. Utaratibu huo haufai hata kwa kiti cha kusukuma kwa mikono. Kwa kiti cha umeme ni hatari. Kiti hiki pamoja na betri zake kinaweza kuzidi kilo 100 kabla mtu hajakikalia, na nguvu yote hiyo huongozwa na kijiti kidogo kilichopo penye egemeo la mkono. Asiyeelekezwa, kiti kinapomwendea kombo, hukikamata kijiti kwa hofu na kuzidi kukisukuma, ilhali anachotakiwa kufanya ni kukiachia, kwa kuwa kijiti kikiachiwa mota hukata na breki hujifunga zenyewe. Hilo ni somo la kwanza kabisa, la kujifunzia uwanjani kasi ikiwa imewekwa ya chini. Mtu asiligundue akiwa katikati ya Kariakoo.

Ninalolihofia zaidi ni klachi. Ni wenzo mdogo ulio karibu na mota, unaotenganisha mota na magurudumu ili kiti kiweze kusukumwa kwa mkono betri inapoisha. Klachi ikifunguliwa, breki haipo tena. Ndugu mwenye nia njema akiifungua kwenye mteremko, kiti huserereka na aliyekikalia, na kijiti hakisaidii kitu. Ndiyo maana nasisitiza kwamba wa nyumbani naye afundishwe. Wapo pia wasamaria wema, ambao jiji hili limejaliwa kuwa nao wengi, wanaotaka kutuvusha mtaro: hushika maegemeo ya mikono na kuinua, na maegemeo hayo katika viti vingi huchomoka. Panaposhikwa ni kwenye fremu, tena baada ya kiti kuzimwa, asije mmoja wao akakigusa kijiti kwa kiwiko. Mtumiaji lazima ajue kuwaelekeza watu hayo kwa sauti ya uhakika, na kukataa kuinuliwa inapobidi.

Kwenye miteremko, kiti hupanda na kushuka kikiwa kimenyooka. Kukata kona katikati ya mteremko ndiko kunakokiangusha. Kipimo kinachokubalika kwa wengi ni urefu wa sentimita 12 kwa kila sentimita moja ya kimo, yaani ngazi ya sentimita 15 inahitaji mteremko wa karibu mita 1.8. Mara nyingi tunakuta zege fupi lililosimama kama paa la nyumba, na anayejua kiti chake atageuza atafute mlango mwingine. Asiyejua atajaribu.

Barabarani ndiko kugumu zaidi. Njia ya waenda kwa miguu ikijaa meza za biashara na bodaboda zilizoegeshwa, tunalazimika kushuka kwenye lami, ambako dereva wa lori hawezi kumwona kwa urahisi mtu aliyekaa. Mafunzo yaguse mambo haya: kwenda ukiyatazama magari yanayokuja, kuweka viakisi mwanga na kibendera kirefu, na kuvuka penye kivuko baada ya kuhakikisha magari yamesimama. Hata kwenye mabasi ya mwendokasi, ambayo tangu 2016 yametupunguzia adha kwa kuwa jukwaa la kituo liko usawa na sakafu ya basi, mtu asiyefundishwa anaweza kuukabili kwa upande mwanya ulio kati ya jukwaa na basi, gurudumu dogo la mbele likageuka na kunasa.

Mheshimiwa Waziri, ninachoomba si kigeni. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na Ibara ya 20 inazitaka nchi kutoa mafunzo ya stadi za kujongea kwa watu wenye ulemavu na kwa wataalamu wanaowahudumia. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 nao unaihesabu hatua ya kumfundisha mtumiaji kuwa sehemu ya huduma ya kiti mwendo, sambamba na kuchagua kiti, kukipima kwenye mwili na kumfuatilia mtu baadaye. Wataalamu wa viti mwendo wamekuwa wakifundishwa hapa hapa nchini, katika TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi.

Naomba basi uelekeze kwamba fomu ya makabidhiano iwe na sehemu ya mkufunzi kuthibitisha kwa saini kuwa mtumiaji na msaidizi wake wameendesha, wamepanda na kushuka mteremko, wamefunga na kufungua klachi, na wamevuka barabara mbele ya macho yake. Fomu isiyo na saini hiyo, kiti kibaki stoo hadi mafunzo yatakapofanyika, hata kama wageni wa hafla wameshafika.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mtumiaji wa kiti mwendo cha umeme,
Dar es Salaam