Menyu elfu kumi, kaunta 11,800

Mhariri, naomba nafasi kidogo maana hili jambo linatukera wengi tunaokula migahawani mchana. Unaangalia menyu, chipsi kuku 10,000, unaagiza, unakula, ukifika kaunta unaambiwa 11,800, ukiuliza keshia anakuonyesha kwa kidole maandishi madogoo chini kabisa ya ukurasa wa mwisho, "bei haijajumuisha VAT". Sasa mtu mwenye njaa anasoma menyu mpaka huko?

Mi sigombani na kodi. VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18 ipo kisheria na chakula kilichopikwa kinatozwa, ukae mezani au ufungiwe kwenye boksi uondoke nacho ni ileile. Kuna wanaobisha eti cha kubeba hakina VAT, nadhani wanachanganya na mambo ya sokoni, viazi na mchicha mbichi kweli vimesamehewa, ila vikishapikwa na kuuzwa na mgahawa uliosajiliwa msamaha umeishia jikoni. Na lile boksi wanalokuuzia jero au buku nalo linaingia humohumo kwenye hesabu.

Wanaoniudhi ni wale wanaotoza na hata hawajasajiliwa. Tangu Julai 2023 kiwango cha kulazimika kujisajili VAT kimepanda toka mauzo ya milioni 100 kwa mwaka mpaka milioni 200. Piga hesabu, hiyo ni kama laki tano na nusu kila siku, Jumapili na sikukuu humo humo. Mama ntilie hafiki, na vimgahawa vingi tu vyenye TV ukutani na viti vya kuzunguka navyo havifiki. Mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti, mwenye mgahawa anaweza kuwa nayo sawa, lakini kuwa na EFD sio kuwa na VRN, yaani namba ya usajili wa VAT, hivi ni vitu viwili, na kama huna VRN huruhusiwi kumtoza mtu VAT hata shilingi.

Juzi kati kuna sehemu, jina naliacha, tulifungiwa msosi wa ofisi nzima. Bili ya kuandikwa kwa mkono ina mstari kabisa wa VAT 18%, risiti ya mashine ilipotoka pale kwenye VRN inaonyesha hawajasajiliwa na kodi ni sifuri. Nikamuuliza dada wa kaunta sasa hii hela inaenda wapi? "Kaka mi nimekuta hivyohivyo, msubiri bosi." Bosi hakutokea na wali unapoa, tukalipa tukaondoka.

Kwa hiyo ukiona wameongeza VAT kwenye bili, kabla hujatoa hela omba risiti ya mashine uangalie pale juu chini ya TIN (namba ya mlipakodi), namba ya VRN ipo au haipo, hakuna ubishi tena hapo. Na nyie wenye migahawa mliosajiliwa, andikeni bei moja ya mwisho basi. Kama mnataka kuuza elfu kumi, zidisha kwa 18 gawanya kwa 118, VAT iliyomo ndani ni kama 1,525, inayobaki ndio yenu, kama haitoshi pandisha bei nione mwenyewe kwenye menyu niamue naagiza au napita zangu kwa mama ntilie.

TRA nao wakipita kukagua mitaani wasiishie kutuuliza sisi wateja risiti iko wapi, waombe na menyu waisome mpaka yale maandishi ya chini.

Mlaji wa mchana,
Sinza, Dar es Salaam