Trekta la kwenye picha halilimi Urambo

Wisconsin, Marekani
Septemba

Mdogo wangu mpendwa,

Mwangaluka. Sisi huku hatujambo. Baridi imeanza kunyemelea alfajiri, ila mchana jua bado lipo. Shemeji yako anawasalimu, na wapwa zako wamerudi shule. Natumaini kifua cha Baba kimetulia na Mama ameacha kuutonesha ule mguu kwa kung'ang'ania kwenda kisimani.

Nimeona niandike barua, maana zile sauti ninazotuma mnasikiliza nusu, mtandao unakatika, halafu kila mtu hapo nyumbani ananielewa anavyotaka yeye. Hii isome yote. Ukimaliza msomee Baba. Bei ya trekta letu sikuiandika kwa makusudi, Mama asije akakaa chini kuibadilisha kuwa ng'ombe.

Najua ni ile picha iliyoleta yote haya. Nimekaa juu ya trekta la rangi ya chungwa, miwani ya jua usoni kama bosi wa halmashauri, na wewe hapo hapo ukajibu: "Dada, hilo hilo, leta Urambo." Tangu siku ile umenitumia matangazo manne ya vitrekta vya mtumba kutoka Japani vilivyoshushwa Dar. Nilinyamaza kwa sababu sikutaka kukuvunja moyo kwa neno moja. Leo nina maneno mengi.

Nianze na hili letu. Tuna ekari nane. Nyasi, msitu mdogo, banda la zamani la farasi, na njia ya changarawe kutoka barabarani hadi mlangoni, karibu mita mia mbili. Hiyo njia ndiyo ilitutafutisha trekta. Theluji ikimwagika usiku kucha, mimi saa kumi na mbili asubuhi natakiwa niwe kazini kwenye nyumba ya wazee, na huwezi kumwambia bibi anayesubiri dawa kwamba njia imezibwa. Misimu miwili tulimlipa mtu aje kuisukuma. Wateja wake walikuwa wengi, sisi tukawa wa mwisho kila siku.

Duka la kwanza tulilokwenda, muuzaji aliuliza tuna pesa kiasi gani kabla hajauliza tuna kazi gani. Akatupeleka moja kwa moja kwenye trekta la hospawa 45, yaani nguvu ya injini, lenye kibanda cha vioo na redio. Shemeji yako macho yakamtoka. Nikamvuta mkono tukaondoka.

Jirani yetu ni mzee aliyefuga ng'ombe wa maziwa maisha yake yote. Tulipomweleza, akatuambia turudi nyumbani, tuchukue karatasi, tuandike kazi za mwaka mzima mwezi kwa mwezi, trekta tuliache kwanza. Tukaandika: kusukuma theluji, kukata nyasi, kubeba magogo ya kuni, kusambaza changarawe kila mvua ikiila njia, kuhamisha samadi. Basi. Sasa mdogo wangu, ipitie tena hiyo orodha. Umeona kulima hapo?

Hakuna kulima. Hivi vitrekta vidogo ni kama kijana wa kazi wa nyumbani: anafagia, anabeba, anasomba. Ukimpa plau akufungulie shamba jipya, atajitahidi, kisha atakulalia njiani.

Jambo la pili alilonifundisha yule mzee ni uzito. Sisi sote tunauliza hospawa, kama vile anayenunua dume anauliza tu pembe. Nilipima mawili. Moja la John Deere, 1025R, lina hospawa 23.9, na uzito wake likiwa tupu haufiki kilo 700. La pili la Kubota, L2501, lina hospawa 24.8, unaona ni karibu sawa, lakini hili linapita kilo 1,100. Nguvu karibu ile ile, miili tofauti kabisa. La kwanza ni zuri kwa bustani, linapita popote na haliumizi nyasi. La pili likishika gogo, gogo linakuja. Nguvu ya injini isipopata uzito wa kuikandamiza tairi ardhini, tairi litazunguka tu papo hapo kama bajaji kwenye matope ya masika. Tukanunua hilo la pili, la mtumba, mita yake ikisoma saa mia sita na ushee. Trekta halihesabiwi kilomita, linahesabiwa saa ambazo injini imefanya kazi.

Huku kuna sheria ya moshi inayobadilika kwenye hospawa 25. Matrekta mengi mapya yaliyozidi hapo yamewekewa chujio kwenye njia ya moshi, linakusanya masizi kisha linajichoma lenyewe ili lisizibe. Lisipojichoma vizuri, taa inawaka, nguvu inapungua, na mara nyingi unamwita fundi mwenye kompyuta. Ndiyo maana yapo mengi ya 24 na nukta. Nikawaza: hiyo taa ikiwaka pale kwetu mwezi wa kumi na mbili, mvua imeshashika, huyo fundi wa kompyuta utampata wapi? Pale kuna mafundi wanaoitambua injini kwa kuisikiliza, na hao ndio wa kununulia trekta.

Wiki ya kwanza nusura niligeuze. Nilikuwa na bakuli la mbele, lile koleo kubwa la chuma la kubebea mizigo, nikapakia gogo bichi la mwaloni, nikalinyanyua juu ili nione mbele. Nikasikia mgongo umekuwa mwepesi, kama kiti kinaninyanyukia. Tairi za nyuma zilikuwa zimeacha ardhi! Nikashusha bakuli taratibu, magoti yakitetemeka, nikakaa pale dakika kumi nzima. Mzee jirani aliponiona akauliza swali moja tu: "Nyuma umefunga nini?" Sikuwa nimefunga kitu. Ukibeba mzigo mbele, nyuma lazima uwe na uzito wa kusawazisha. Siku hizi kuna boksi la zege nyuma, na tairi tumezinywesha. Nyie mkitaka uzito mnajaza maji ya kisima, huku maji yangeganda yakawa jiwe, kwa hiyo tairi zinajazwa maji ya viazi sukari. Mama usimwambie hilo, atasema tunachezea chakula.

Sasa tuje kwetu.

Shamba la Baba unalijua kuliko mimi. Mwezi wa kumi udongo ule unakuwaje? Ukipiga jembe linaruka, mkono unakufa ganzi. Halafu visiki. Upande wa chini uliofunguliwa juzi juzi bado kuna visiki vya miyombo na mininga, na mizizi yake imelala kama nyoka. Vile vitrekta vya matangazo yako vilitengenezwa kwa ajili ya majaruba ya mpunga ya Wajapani, ardhi laini yenye maji. Ndiyo maana karibu vyote vinakuja na rotaveta nyuma, na maandishi ya Kijapani kwenye dashibodi. Rotaveta ni meno yanayozunguka kwa kasi. Likikutana na kisiki cha mninga, meno yanakatika, au shafti inapinda, au giaboksi inapasuka, na spea yake Gerezani pale Kariakoo watakwambia njoo kesho mpaka uzeeke. Ungekuwa unalima mpunga kwenye mbuga za Igunga ningekuambia haya, tujadili, hata powatila ingefaa. Lakini tumbaku, mahindi na karanga kwenye ardhi yetu? Hapana.

Na sisi watu wa Urambo ndio hasa hatupaswi kudanganyika kwenye hili. Babu hakuwahi kukusimulia, ulikuwa mdogo, ila mimi nilizisikia mara nyingi habari za mpango wa karanga wa Waingereza. Ulianza 1947, wakachagua Kongwa, Nachingwea na hapo hapo kwetu. Vita vilikuwa vimekwisha, wakakusanya matrekta na mitambo ya mtumba wa jeshi. Kuna mashine zilizoundwa kutokana na vifaru vya Sherman, wakaziita Shervick. Vifaru, mdogo wangu! Wakaja navyo wakidhani pori litasalimu amri kama Mjerumani. Mizizi ikavunja vyuma, na kule Kongwa udongo wa mfinyanzi ukikauka ukawa kama saruji. Kufikia 1951 mpango ulikuwa umekufa na zaidi ya pauni milioni 30 zimekwenda na maji. Urambo ikageukia tumbaku, na ndiyo imekusomesha wewe na mimi. Walileta mashine kwanza, udongo wakauuliza baadaye. Babu alikuwa akifika hapo anacheka mpaka anakohoa.

Kwa hiyo chukua karatasi kama tulivyofanya sisi. Kaeni na Baba mwandike. Kufungua ardhi mwezi wa kumi na moja. Kusomba kuni za mabani ya kukaushia tumbaku. Kupeleka marobota ya tumbaku chama cha msingi. Kubeba mahindi, maji, matofali. Nadhani mtagundua nilichogundua mimi nikiwa mbali: kulima ni wiki chache, lakini tela linafanya kazi mwaka mzima. Wewe unapiga hesabu ya kulimia majirani kwa ekari, na mimi sikukatazi, ila wote wanataka kulimiwa ndani ya siku zile zile mvua inapoanza, na Baba naye anataka shamba lake kwanza. Hela ya uhakika iko kwenye tela.

Palizi waachieni maksai. Naona umeandika utawauza wote mara trekta likifika. Usithubutu. Ng'ombe hawahitaji dizeli na wanapita katikati ya mistari ya tumbaku bila kuvunja kitu.

Ninachokubali kuchangia ni lile Massey Ferguson 240 ambalo rafiki yake Baba alituambia liko Tabora mjini, lenye plau la diski tatu na tela. Si jipya, si zuri la sura, ila lina hospawa zinazokaribia 50, injini ya Perkins ya silinda tatu ambayo mafundi wa pale wanaifungua na kuifunga, na spea zake zinapatikana. Diski nazo ndizo za kwetu: zikikutana na kisiki zinapanda juu yake na kushuka, wakati plau la bapa lisilozunguka lingenasa na kuvunjika. Msimu huu limisheni kwa kukodi kama kawaida. Usikimbilie kwa sababu mvua inakaribia, muuzaji naye anaijua kalenda.

Kuna mambo matatu ambayo ukinikatalia hata shilingi sitoi.

Hakuna mtu kupanda kwenye madigadi. Wala mtoto, wala kibarua, wala wewe mwenyewe ukiwa na dereva. Trekta lina kiti kimoja. Huku yana fremu ya chuma nyuma ya kiti na mkanda, ukipinduka unabaki ndani ya fremu. Wasweden waliifanya iwe lazima tangu 1959. Lile Massey kama halina, fundi wa vyuma asikutengenezee ya kubahatisha kwa mabomba ya maji. Tutafute ya kiwandani.

Unapong'oa kisiki, mnyororo ufungwe chini, kwenye ile ndoano ya kuvutia tela, chini ya ekseli. Najua utashawishika kuufunga juu ili unyanyue mizizi. Ukifunga juu na kisiki kikagoma, trekta halivuti tena, linasimama kwa miguu ya nyuma kama farasi na kukulalia chali, kabla mguu wako haujafika kwenye klachi.

Na ile shafti ya nyuma inayozungusha mashine. Inapiga mizunguko 540 kwa dakika, hiyo ni tisa kila sekunde. Ikidaka ncha ya kanga hakuna wa kupiga kelele kwa wakati. Mama asikatize pale injini ikiwa inanguruma, na kifuniko chake kisiondolewe hata kama fundi atasema kinamsumbua.

Basi, nenda Tabora na yule fundi wa karibu na stesheni, umlipe nauli na chakula. Aangalie oili ya giaboksi: ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Nyanyueni plau juu, zimeni injini, mnywe chai. Mkirudi plau limeshuka lenyewe, haidroliki imechoka. Tikisa tairi za mbele kwa mikono usikie kama zinacheza. Ombeni kadi, na jina la kwenye kadi liwe la huyo anayewauzia, si la mjomba wake aliyeko Mpanda. Moshi ukitoka mweusi kidogo halafu ukatulia ni kawaida, ukibaki wa bluu inakula oili. Ninaomba unirekodie sauti ya injini, dakika nzima, nimsikilizishe mzee jirani. Kiswahili hajui, ila hiyo lugha anaielewa.

Usimpigie muuzaji kumwambia unakuja. Ukifika, kabla ya salamu ndefu, weka kiganja juu ya injini. Ikiwa ya moto ameshaiwasha kuificha inavyogoma asubuhi. Mshukuru, mpande basi mrudi nyumbani.

Dada yako