Huyo rubani mshukuru

Shoga yangu,

Salaam aleikum. Natumai baridi ya huko haijakumaliza. Huku kaskazi imeshika, joto la kukaanga mtu, na jana stima zikapotea usiku kucha tukalala barazani na mbu wetu. Voisi yako nimeisikiza mara mbili, dakika kumi na moja na zote matusi, eti mumefika juu ya Cork, huko kwenu Ireland, ukungu, rubani kajaribu kushuka mara moja tu halafu huyoo kawapeleka uwanja mwengine, Shannon, mukapakiwa kwa basi na shifti ikakupita. Pole mama. Lakini leo mie siko upande wako.

Kazi yangu waijua, kaunta hapo uwanja wa Moi, ikianza ile mvua ya mwezi wa tano ndege zikizunguka juu zisishuke ni sisi twatukanwa, mzee mmoja alinambia ana harusi Kizingo kwani ni mie nimeleta mawingu?? Mie hunyamaza. Sasa mwaka jana tulipelekwa kozi, mwalimu akatusomea ajali ya huko huko kwenu na tangu siku hiyo siwezi kumsikia mtu alaumu rubani aliegeuza.

Ilikuwa Alhamisi, 10 Februari 2011, asubuhi. Kindege kidogo cha mapanga mawili, Metro III, kimetoka Belfast kuja Cork na abiria 10 na marubani 2. Cork wewe waijua zaidi yangu, uwanja uko juu ya kilima, ukungu ukikaa umekaa. Wakajaribu kushuka, wapi. Wakaja upande wa pili wa barabara ya ndege, wapi. Wakazunguka angani wakingoja, wakauliza hali ya viwanja vyengine, na shoga, uwanja wa Kerry kulikuwa kweupe! Kerry hapo hapo jirani. Wasiende. Wakarudi mara ya tatu.

Sheria ni kwamba ukifika futi 200 na barabara huioni wapanda juu, basi. Wao wakapita wakaenda chini zaidi, na pale walipoamua kupanda mambo yashaharibika, vile vishikio vya nguvu za injini vilikuwa vimevutwa nyuma kupita mahali panaporuhusiwa hewani, na injini mbili zenyewe hazikuwa zatoa nguvu sawa. Ndege ikalala ubavu, bawa la kulia likagonga barabara, ikapinduka tumbo juu ikaseleleka mpaka kwa matope. Wakafa sita, marubani wote wawili wamo. Sita wengine wakatoka hai, na hapo darasani kulikuwa kimya hata feni twaisikia.

Ripoti ya uchunguzi ilitoka 2014. Kilichonikaa mie si mapanga wala injini. Ni kwamba walikuwa wamechoka, usingizi haukutosha, na yule rubani mkubwa alikuwa amepandishwa cheo siku chache tu nyuma, na mwenzake pia mgeni mgeni. Halafu tiketi iliuzwa na kampuni moja, ndege ya mwengine, walioirusha ni kampuni ya Uhispania. Kama matatu zetu hapa, wasoma jina ubavuni wadhani wamjua mwenyewe kumbe mwenyewe yuko Voi hana habari gari lafanya nini.

Mie nafikiri walikuwa wanaona haya, walah. Haya ya kurudi na watu. Mtu keshajaribu mara mbili, nyuma wamekaa watu kumi wana mikutano yao, na rubani ni binadamu, asikia macho ya watu mgongoni. Ndio maana voisi yako ilinikasirisha kidogo, naomba unisamehe, kwa sababu mukizidi kuwafokea ipo siku mmoja atajaribu mara ya tatu ili musimfokee.

Wako alijaribu mara moja akaondoka. Nimempenda bila kumuona.

Enhe, mamako alipita juzi, nimempa zile kanga na yeye kaniachia achari ya maembe nikutumie, lakini nimeionja na sikuahidi itafika. Sijamwambia habari ya Shannon, mwambie mwenyewe, polepole, usimtajie ukungu. Jumapili baada ya alasiri ntakupigia, uwe umelala ukaamka.

Ni mie, wako wa Majengo