Taarifa ya Mwenyekiti kwa Waongoza Watalii Wanachama, Mwaka 2024

Ndugu wanachama wenzangu,

Mwaka 2020, korona ilipozuia safari, wengi wetu tulirudi shamba. Nchi nzima ilipata wageni wa kimataifa laki sita na ushee. Mwaka 2024 wamepita milioni mbili. Atakayebisha akakae lango la Naabi, la kuingilia Serengeti, asubuhi moja ya Agosti. Idadi hainisumbui. Kinachonisumbua ni kwamba karibu wote wanapita njia ileile: Tarangire, Manyara, Ngorongoro, Serengeti.

Agosti nilisubiri nyumbu wavuke Mto Mara pale Kogatende, kaskazini mwa Serengeti, saa tatu nzima. Wa mbele waliteremka hadi majini, wakanusa. Dereva mmoja akasogeza gari ili mgeni wake apate picha, wengine wakamfuata, ukingo wote ukazibwa. Nyumbu wakageuka, tukabaki na vumbi. Mgeni wangu akaniuliza kama hakuna mahali pengine. Nikamjibu Ndutu, hukohuko mpakani mwa Serengeti na Ngorongoro, Februari, nyumbu wanapozaa. Jibu la mtu wa Kaskazini hilo! Hifadhi za Kusini sikuzitaja kwa sababu sikuzijua.

Oktoba nikaenda Ruaha, hifadhi ya huko Kusini, kwa pesa yangu, mhazini ni shahidi. Mto ulikuwa mchanga mtupu. Tembo jike alichimba kwa mguu wa mbele, akasubiri maji yajichuje, akanywa taratibu huku mwanawe akimsukuma. Gari lilikuwa letu peke yetu. Lakini tusiwadanganye wageni: tangu 1993 mto ule umekuwa ukikauka kiangazi, na maji yanayochukuliwa huko juu, Usangu, yamechangia sana.

Kusini ni mbali na ndege ndogo ni ghali, hilo halina ubishi. Hata hivyo mambo yanasogea. Hifadhi ya Nyerere, iliyomegwa kutoka Pori la Akiba la Selous mwaka 2019, inapokea wageni wanaoruka kutoka Zanzibar, wengine kwa siku moja tu. Mikumi nayo imesogezwa na treni ya umeme inayofika Morogoro. Mahale na Katavi, za Magharibi, bado ni za wachache wenye pesa na muda.

Kamati inaomba idhini yenu ya safari ya mafunzo Ruaha mwezi Juni, kila mtu ajichangie mafuta na chakula. Majina apewe katibu kabla ya mwisho wa mwezi.

Mliosogeza magari Kogatende mnajijua. Kamati ya nidhamu itawaita mmoja mmoja.