Mbaruk wa Gasi naye akumbukwe

Mhariri,

Siku ya Mashujaa ikifika husikika majina ya Dedan Kimathi, Koitalel arap Samoei na Mekatilili wa Menza, na wanastahili. Lakini Mbaruk bin Rashid al-Mazrui wa Gasi hatajwi sana, hata huku Kwale kwenyewe. Mwaka 1895 Waingereza waliingilia urithi wa uongozi wa Takaungu, mji wa Wamazrui wenzake kule Kilifi, wakamweka wamtakaye. Mbaruk akampa hifadhi yule aliyenyimwa, kisha akaingia vitani. Ngome yake ya Mwele ilishambuliwa Agosti mwaka huo, naye hakusalimu amri. Ilibidi wakoloni walete askari kutoka India. Aprili 1896 alivuka mpaka akajisalimisha kwa Wajerumani, na akafia Dar es Salaam mwaka 1910.

Wapo wanaompinga kwa kuwa Wamazrui walimiliki watumwa. Ni kweli, na wajukuu wa waliotumikishwa tunaishi nao. Ndiyo maana nataka habari yake isimuliwe yote, chungu na tamu.

Mgeni wa Gasi leo huonyeshwa njia ya mbao inayopita kwenye mikoko, kazi nzuri ya akina mama wa kijiji. Naiomba Serikali ya Kaunti ya Kwale, pamoja na Makumbusho ya Kitaifa, iweke hapo ubao wa maelezo kwa Kiswahili, na mwingine Mwele. Wazee wa Kidigo, Kiduruma na Kimazrui warekodiwe sasa, wangali hai.

Msomaji wako,
Msambweni